Jinsi ya kuwatembeza watu Dar ya zamani kwa miguu, kuanzia Boma la Kale mpaka Kariakoo

Kama una wageni wamekuja, au wewe ni mwalimu una wanafunzi, au ni nyie tu wa grupu la wasap mmechoka kukutana baa kila wikiendi, ziara ya miguu kwenye majengo ya zamani ya Dar ni kitu ambacho unaweza kukiandaa mwenyewe na hela yake ni ndogo sana. Watu wakisikia majengo ya kale akili inakimbilia Zanzibar, Bagamoyo au Kilwa, Dar wanaijua kwa foleni na maghorofa ya vioo, na ni haki yao maana hakuna aliyewaonyesha kitu kingine. Ila pale mjini, asubuhi moja tu kwa miguu, unapita mji wa Sultani, mji wa Mjerumani na Mwingereza, Uhindini, halafu unatokea Uswahilini, na mipaka iliyowekwa kati ya hiyo miji kwa makusudi kabisa bado unaiona ukijua uangalie wapi.

Msimamo wangu nausema mapema ili mjue naandika nikiwa na upande: ziara nyingi zinaanzia baharini zinaishia Posta, na hapo mtu anaondoka akiamini kwamba historia ya Dar ni ya makanisa na ofisi za Wajerumani. Vuka Mnazi Mmoja. Hata kama watu wamechoka, vuka nao. Ruti yote ninayoieleza hapa imepangwa ili mfike Kariakoo.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Jumamosi asubuhi ndiyo siku yenyewe. Maofisi mengi yamefungwa kwahiyo magari yamepungua, makanisani hakuna ibada kubwa kama Jumapili, na Kariakoo maduka yapo wazi watu wapo kazini. Jumapili Posta inakuwa tulivu, raha kupiga picha, lakini St. Joseph na Azania Front kuna misa na ibada zinafuatana na huwezi kuingiza watu ishirini na kamera katikati ya watu wanaosali. Siku za kazi sikushauri, pavimenti zote zimejaa magari yaliyopaki mnatembea barabarani na bodaboda zinawapita masikioni.

Muanze saa 2 asubuhi, sio saa 4. Jua la Dar halina utani na majengo ya pale mbele ya bahari hayana miti ya kutosha, ikifika saa 5 na nusu watu wanaacha kusikiliza wanatafuta kivuli tu. Juni mpaka Septemba hali ya hewa ni nzuri kuliko miezi mingine. Masika, yaani Machi mpaka Mei, fanya kama hamuogopi kulowa, na kuna barabara za mjini zinajaa maji mpaka kuvuka inakuwa shida.

Hatua ya 2: Ipite ruti peke yako kwanza

Hii watu wanairuka na ndiyo inayoharibu ziara nyingi. Nenda wiki moja kabla, saa ileile mtakayokwenda, upite njia nzima. Angalia kivuli kinaangukia upande gani wa barabara kila kituo maana hapo ndipo utasimamisha watu, wewe mwenyewe ndio usimame juani uwaangalie wao, wao wakiangalia jengo. Angalia wapi kuna choo (hili ni la kwanza kabisa kama kuna wazee, watoto au mama mjamzito). Angalia wapi kuna fundi anasaga marumaru au jenereta inayonguruma, hapo usipange kuongea.

Ukishapita sasa ongea na watu. Walinzi hasa. Msalimie vizuri, shikamoo kama ni mtu mzima, mwambie Jumamosi nitakuja na watu kadhaa tunaangalia majengo, hatuingii ndani bila ruhusa, tunasimama pale ng'ambo. Dakika tano za maongezi siku hiyo zinakuokolea aibu ya kufukuzwa mbele ya wageni wako. Kama ni shule beba barua yenye muhuri. Kanisani ulizia ofisi ya parokia au usharika mapema, wakikwambia saa fulani kuna harusi basi panga upya. Boma la Kale nalo ulizia saa za kufungua kabla hujatangaza taimu kwa watu.

Na kama unataka kutoza hela kama kazi ya kudumu, hiyo tayari ni biashara ya utalii na ina leseni zake, nenda kaulize wanaohusika uanze kihalali. Hapa naongelea mtu anayetembeza ndugu, wanafunzi na marafiki.

Hatua ya 3: Watu wangapi, wabebe nini

Kumi na mbili wanatosha. Wakizidi hapo wa nyuma hawasikii, mkivuka barabara nusu wanabaki upande wa pili, na mnaziba njia ya watu wenye shughuli zao. Wakiwa wengi tafuta mwenzako mgawane makundi mawili mpishane robo saa.

Waambie mapema kwenye grupu: viatu vya kutembelea, kofia, maji, nguo za heshima maana tunaingia nyumba za ibada (mabega na magoti yafunikwe, dada zetu wabebe mtandio), na hela ndogondogo za madafu na kahawa. Simu isishikwe ovyo ukingoni mwa barabara, kuna wanaopita na pikipiki wakanyakua. Ukimaliza kupiga picha weka mfukoni.

Wewe sasa beba picha za zamani. Tafuta picha za kale za yale majengo, printi kwa ukubwa wa A4, zipige laminesheni. Picha kwenye simu haifai, watu kumi na mbili hawawezi kuangalia kioo kimoja juani. Ukisimama sehemu ileile aliyosimama mpiga picha miaka mia iliyopita, ukaipitisha ile karatasi mkono kwa mkono, watu wenyewe wanaanza kuhesabu nini kimebaki nini kimeondoka, huhitaji kuongea sana.

Picha za kupiga zina mipaka. Ikulu usipige, maeneo ya bandari, jeshi na polisi usipige, na mlinzi akikwambia futa, futa. Usibishane.

Hatua ya 4: Anzia Boma la Kale, na kaa hapo

Wape watu lokesheni ya makutano ya Sokoine Drive na Morogoro Road. Wanaotoka Kimara au Ubungo wapande mwendokasi washuke kituo cha City Council au Posta ya Zamani, kutoka hapo ni kutembea kidogo tu.

Hapa ndipo uchukue muda mrefu kuliko kituo kingine chochote, nusu saa ikiwezekana, kwa sababu ukiwafundisha kusoma ukuta mmoja vizuri kuta zote zilizobaki watazisoma wenyewe. Boma la Kale lilijengwa 1866 hadi 1867, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, alipoamua kujenga mji mpya na bandari hapa palipokuwa karibu na kijiji cha Mzizima. Lilikuwa la kufikia wageni wake, jumba lake mwenyewe halipo tena. Majid alifariki 1870 na mdogo wake Barghash hakuendelea na ule mpango, mji ukadorora mpaka Wajerumani walipofika 1887, na 1891 wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo.

Sasa waache tarehe, wapeleke kwenye ukuta. Tafuta sehemu ambapo plasta imebanduka au imeachwa wazi uwaambie waweke kiganja. Hilo ni jiwe la matumbawe, limechimbwa pwani, na ukiangalia kwa karibu utaona matundu na mistari kama ya sega la nyuki, huyo ni mdudu wa baharini aliyekuwa hai. Linalounganisha mawe ni chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayohayo yaliyopangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa mpaka yakawa unga. Yaani ukuta mzima ni bahari, mawe na udongo wake. Pima unene kwa mkono pale kwenye dirisha, ndio maana ndani kuna baridi bila feni.

Kisha waingize chumbani waangalie juu. Dari limebebwa na boriti, miti ya mikoko iliyopangwa karibukaribu. Waulize kabla hujawaambia: kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba hivi? Waache wabishane. Jibu lipo juu ya vichwa vyao, boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba sakafu haizidi mita 3 hivi, kwahiyo fundi alikuwa na uhuru wa kurefusha chumba anavyotaka ila upana aliamuliwa na mti. Ukishalijua hili ukaenda Lamu, Kilwa, Mombasa au Unguja utalikuta lilelile.

Hapohapo eleza ugonjwa unaoua majengo haya, maana watu wengi wana nyumba za hivi kwao Tanga, Pangani au Bagamoyo na wanazimaliza wenyewe kwa nia njema. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini na unatokea nje taratibu. Mtu akija na saruji akapiga plasta ngumu kwa nje, na rangi ya mafuta juu yake, maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani ya ukuta na chumvi yake, chokaa inalainika, na miaka kadhaa baadaye ukuta unaoonekana msafi unamwagika. Chokaa inarekebishwa kwa chokaa. Kama kuna neno moja la kiufundi ambalo ungependa watu waondoke nalo siku hiyo liwe hilo.

Ndani ya Boma kuna kituo cha DARCH kinachoshughulika na urithi wa majengo ya Dar, wana maonesho ya ramani na picha za jinsi mji ulivyokua. Wapitishe hapo kwenye ramani, na uwaonyeshe kwa kidole ruti mtakayopita kutoka baharini mpaka Kariakoo.

Kabla hamjatoka sema na habari ya sheria. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu, Boma ni la 1866, na ndilo katika majengo ya zamani kabisa ya mji. Maana yake karibu Dar nzima iliangukia upande usiolindwa mpaka jengo litangazwe rasmi moja moja. Ndio maana mtaona mapengo mengi njiani.

Hatua ya 5: Tembea na bahari, lakini usiongee kila mlango

Kutoka Boma mpaka Azania Front hata kilomita moja haifiki. Vituo vinne vinatosha, na kila kimoja dakika kumi hivi.

City Hall ni kama ng'ambo tu ya Boma, Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20. Linganisha haya mawili tu, usitoe hotuba: lile la Sultani limejifunga, kuta nene na mlango wa nakshi, hili la Mjerumani lina veranda za kupitisha upepo. Wote wawili walikuwa wanapambana na joto lilelile kwa akili mbili tofauti.

Karibu na St. Joseph kuna Nyumba ya Atiman, nayo asili yake ni enzi za Majid, baadaye ikawa ya Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Hapa eleza habari ya mtu mwenyewe. Adrian Atiman alizaliwa upande wa Mto Niger, huko Mali ya leo, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari Algeria, akasomea udaktari Malta, akaja kufanya kazi Karema kwenye Ziwa Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 mpaka alipofariki 1956. Wengi wamepita kwenye nyumba ile mara elfu hawajui kwamba imebeba jina la daktari Mwafrika wa zama hizo, na mimi naona ni stori nzito kuliko ya gavana yeyote.

St. Joseph wenyewe ujenzi ulianza 1897 ukaisha 1902, likawekwa wakfu 1905. Ukiingia acha watu wakae kwenye mabenchi kimya dakika mbili tatu, waangalie vioo vya rangi na ule urefu wa dari, nje kuna honi na wauza maji na ndani unasikia nyayo zako. Mkitoka sasa ndio uwaambie kwamba mwaka uleule wa 1905 vita vya Majimaji viliwaka kusini, na askofu aliyekuwa anaongoza kanisa hapa, Cassian Spiss, aliuawa Agosti akiwa safarini upande wa Liwale. Kanisa hili na vita ile ni vitu vya wakati mmoja. Usivitenganishe, maana vitabuni tunasoma huku majengo na huku vita kana kwamba havikujuana.

Azania Front la Walutheri lilikamilika 1902, ni lile la mnara na vigae vyekundu. Waelekeze macho kwenye madirisha: juu ya kila dirisha kuna kipaa kidogo cha vigae. Fundi alileta sura ya kanisa la kwao Ujerumani, halafu jua na mvua za hapa zikamlazimisha kuongeza kofia. Kwangu mimi vile vipaa ndivyo vinavyolifanya lile kanisa liwe la Dar.

Mtu atauliza habari za mahandaki na rupia za dhahabu za Mjerumani. Lazima aulize, kila ziara yupo. Mjibu kwa heshima kwamba dhahabu ya Mjerumani iliyo kwenye kumbukumbu za kweli ni sarafu za rupia 15 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli vita ikiwa imewabana, na kwamba kuchimba kuta za majengo ya kale kutafuta rupia kumeua majengo na hakujatajirisha mtu.

Hatua ya 6: Simama kwa Askari

Kutoka Azania Front pandisha Azikiwe, pita hoteli ya New Africa, hapo ndipo ilipokuwa hoteli ya Wajerumani ya Kaiserhof, mtafika kwenye sanamu ya Askari katikati ya Samora. Msivuke kwenda kwenye kisiwa chenyewe kundi zima, magari yanazunguka pale. Simameni pembeni penye kivuli mtume wawiliwawili.

Hapo kwanza palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Wajerumani. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya 1960. Huyu Askari tunayemuona aliwekwa 1927 kukumbuka Waafrika waliokufa vita ya kwanza ya dunia, na maandishi yake yapo Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu pia, maana watu wengi wa pwani wakati ule walisoma kwa hizo. Kama una mzee au ustadh kwenye kundi anayesoma herufi za Kiarabu mpe hiyo heshima awasomee wengine. Nimeona vijana wakitoa macho, hawakujua kwamba lugha yao iliandikwa hivyo.

Maandishi yanawataja askari na yanawataja wapagazi. Mwambie kila mtu alishike hilo la wapagazi. Sanamu imevaa kiaskari na ina bunduki, mpagazi hana sanamu pale, na waliokufa kwa kubeba mizigo, kwa njaa na maradhi, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mtawakuta mbele.

Hatua ya 7: Uhindini, tembea ukiangalia juu

Fuata Samora kuelekea Mnara wa Saa, ila njiani ingia kulia mitaa ya Zanaki, Mosque, Indira Gandhi, Jamhuri. Samora yenyewe imepitia majina, ilikuwa Acacia Avenue kwa Waingereza, ikawa Independence Avenue, ikawa Samora.

Kanuni ya Uhindini ni moja, usiangalie duka, angalia ghorofa la kwanza kwenda juu. Chini kumebadilishwa kote, mabati ya kushusha na mabango ya simu, juu ndiko kumebaki roshani za nakshi, madirisha ya luva, kona za mviringo za miaka ya 1930 na 1940, na pale kileleni kwenye kipaji cha nyumba mara nyingi kuna mwaka na jina la mwenye nyumba au la familia. Wape watu kazi: anayepata mwaka wa zamani zaidi mnamnunulia kahawa. Watoto wa shule hapa wanaamka kabisa.

Kwenye nyumba za ibada hapa ni nyingi na zimekaribiana, misikiti, mahekalu ya Kihindu, na Jamatkhana la Waismailia lenye mnara wa saa. Hili la mwisho mtaliangalia kwa nje tu. Msikitini au hekaluni ukiruhusiwa kuingia vua viatu na mfuate anayewapokea, ukikataliwa shukuru mpite. Usijaribu kupenya.

Eleza na kilichotokea 1971, maana bila hicho hutaelewa mitaa hii. Serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye nyumba wengi walikuwa Waasia, wengine walihama nchi, wengine wakabaki kama wapangaji kwenye nyumba walizojenga babu zao. Kwenye kundi lako anaweza kuwepo ambaye familia yake ilinyang'anywa na ambaye familia yake ilipata chumba cha kuishi mjini kwa mara ya kwanza, kwahiyo zungumza taratibu, toa ukweli wote wawili, usimgeuze mtu kuwa mfano. Halafu kuna viwanja vingi ambavyo nyumba ya ghorofa mbili ilibomolewa likapanda ghorofa refu. Pitisha picha zako za zamani hapa, waache wenyewe watafute kilichobaki.

Pumzikeni hapa. Kahawa ya kijiweni na kashata, au chai na kababu, watu wakae robo saa.

Hatua ya 8: Vuka Mnazi Mmoja

Mnara wa Saa wa pale mwisho wa Samora uliwekwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Kutoka hapo ingia Uhuru, vuka Bibi Titi Mohammed kwenye taa (msubiri kundi zima, usivuke nusunusu), mnafika viwanja vya Mnazi Mmoja.

Wasimamishe katikati waangalie walikotoka na wanakokwenda. Uwazi huu haukutokea bahati mbaya. Wajerumani waliweka sheria ya ujenzi mwaka 1891 na Waingereza wakaja kugawa mji rasmi kwa kanda tatu miaka ya 1920. Kwenye karatasi kanda ziliongelea aina ya nyumba, huku ni ya mawe ya Kizungu tu, huku ya biashara na makazi, huku nyumba za wenyeji, lakini kila mtu alijua maana yake ni nani alale wapi. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Leo ni sehemu ya kupumzika na kuna mnara wa Mwenge, na ni hapa kwenye uwazi huohuo ambapo TANU walihutubia mikutano. Kile kilichoachwa ili kutenganisha watu ndicho kilichotumika kuwakusanya.

Ukitoka kwa upande wa pili uko Mtaa wa Lumumba. Hapo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye ofisi ya chama cha Waafrika cha TAA. Mnachokiona leo ni ofisi ndogo ya CCM. Dakika tano, endeleeni.

Hatua ya 9: Kariakoo, tafuta nyumba iliyobaki

Na hapa ndipo mnawakuta wapagazi. Eneo hili wakati wa vita lilikuwa kambi ya kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza na jina la Kariakoo limetoka kwenye jina la kikosi hicho. Kule Posta wana maandishi chini ya sanamu, huku wana mji mzima.

Kazi yenu sasa ni kutafuta nyumba ya Kiswahili ya zamani kati ya maghorofa. Zimebaki chache na zinapungua, kwahiyo kwenye ile safari yako ya kwanza uwe umeshaiona moja na umeshaongea na wenyewe. Ikipatikana waonyeshe kwa nje mpangilio wake: baraza mbele, mlango wa katikati unaingia kwenye ukumbi, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, ukumbi unatokea uani penye jiko, choo na kisima au bomba. Mwanzoni kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, baadaye madebe ya mafuta ya taa yaliyofunguliwa yakanyooshwa, kisha bati. Mwenye nyumba, mara nyingi mama, alikaa chumba kimoja akapangisha vitano. Wapangaji kutoka makabila tofauti walishiriki jiko moja na choo kimoja, na Kiswahili cha Dar tunachoongea kimepikwa kwenye zile nyua. Nyumba hii haina jina la msanifu wala haiko kwenye orodha ya watalii, lakini kama ningeambiwa nichague jengo moja la kulinda Dar nzima ningechagua hili kabla ya kanisa lolote.

Mwenyeji akiwaruhusu kuingia ukumbini wasiingie wote, wanne wanne, na mwisho umuachie kitu, sukari au hela ya chai, kwa mkono na kwa heshima. Picha ya uani usipige, kuna nguo za watu na maisha ya watu.

Malizieni Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, Mtanzania, miaka ya 1970. Lile paa la zege lenye maumbo kama miavuli iliyogeuzwa lilibuniwa likinge maji ya mvua, na sehemu kubwa ya soko ikashushwa chini ya ardhi ili kuwe na ubaridi. Liliungua Julai 2021 na kufanyiwa ujenzi upya. Waulize watu wako swali lilelile la Boma: huyu naye alifanyaje na joto?

Hatua ya 10: Kula, rudi, na siku ya pili

Mkitembea kwa mwendo huu mtafika hapa saa 6 na kitu. Chakula kipo kila kona, ila agiza mapema kwa mama ntilie unayemjua, watu kumi na mbili wakimwangukia ghafla wali unaisha. Wa mwendokasi wapandie Gerezani.

Jioni yake watumie kwenye grupu zile picha za zamani ulizoprinti, na omba kila mmoja atume picha moja ya jengo la mtaani kwao lenye umri, na amuulize mkubwa wa nyumbani lilijengwa na nani. Hizo picha zihifadhi sehemu moja zikiwa na tarehe na jina la mtaa.

Waliobaki na hamu wapangie asubuhi nyingine upande wa mashariki: Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 1940, Karimjee ambako Bunge lilikaa miaka mingi, Bustani ya Mimea ya tangu enzi za Wajerumani, na hospitali ya Ocean Road ya 1897 ambako Robert Koch alifanyia utafiti. Huko kuna kivuli kizuri cha miti, mnaweza kuanza hata saa 3.